Kiti Kizima cha Mbele

Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa unafika kifuani, basi. Hapo unagota, kama mlango uliozuiwa na jiwe. Kushika kijiko, sawa. Kufunga vifungo vya shati, sawa, ukimpa muda wake na usimtazame. Lakini kuupandisha hadi kwenye usukani, akaishika ile fimbo ya gia iliyochomoza kando ya shingo ya usukani, akaivuta, akaisukuma juu? Hapo bega lilisema hapana, na bega likishasema hapana halina mbembelezaji.

Alianguka ngazini akibadilisha balbu ya ukumbini. Dereva wa lori kwa miaka thelathini, mtu ambaye hajawahi kugonga hata kuku, akaja kuangushwa na balbu. Madereva wenzake walipokuja kumpa pole walimtania, "Mpanda ngazi hushuka, hilo tunajua, lakini wewe mwenzetu ulishuka kwa gia gani?" Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili alitabasamu. Siku ya tatu aliposikia sauti zao getini aliingia ndani kulala, na jua liko utosini.

Gari lake likavishwa turubai uani. Lilikuwa gari la zamani, rangi ya maziwa, milango mizito inayofunga kwa kishindo cha heshima. Mbele lilikuwa na kiti kimoja kizima kama benchi, kutoka mlango hadi mlango, maana gia ikiwa juu kwenye usukani, chini hapana cha kuzuia miguu, na watu watatu hukaa wakaenea. Miezi minane turubai halikuvuliwa.

Binti yake wa pekee alikuwa fundi wa magari. Watu walimwita Mama Chiriku kwa sababu ya mwanawe wa kike wa miaka mitatu, ambaye hakufunga mdomo hata usingizini. Gerejini alikuwa Mama Chiriku, sokoni Mama Chiriku, hata mumewe, fundi cherehani, alimwita hivyo hivyo. Baba yake tu ndiye aliyemwita "mama".

"Mama," mzee alimwambia jioni moja, wameketi uani wakilitazama turubai kama watu wanaomtazama mgonjwa, "mwisho wa mwezi binamu yako anakuja kulichukua."

"Kuchukua nini?"

"Gari. Lisiloendeshwa ni banda la kuku, na sisi kuku hatuna."

"Umempa, au umemwambia utampa?"

"Nimemwambia nitampa."

"Basi bado hujampa."

Mzee akaguna. Mama Chiriku aliutazama ule mkono wa kushoto, umelala pajani, vidole vizima kabisa, vikicheza na mshono wa suruali. Akapata wazo, na kama kawaida yake, mdomo ukalitoa kabla akili haijalikagua.

"Nikikushushia gia chini, utaendesha?"

"Chini wapi?"

"Sakafuni. Hapo kati. Mkono unashuka tu, haupandi."

Mzee akaushusha mkono pembeni ya kiti, akakunja vidole hewani, akavuta, akasukuma. Uso wake ulibadilika kidogo tu, lakini mtoto huusoma uso wa baba hata gizani.

"Gari hili limezaliwa na gia juu," akasema.

"Baba, na wewe ulizaliwa bila meno."

Kicheko kikamtoka mzee bila ruhusa. Mkewe akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi kuona nani kaja.

"Haya," mzee akasema. "Mpaka mwisho wa mwezi. Nikiweza kuliendesha mimi, kwa mkono wangu, linabaki. Nisipoweza, mpwa wangu achukue, na katika nyumba hii nisisikie tena habari ya gari. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kilichomkaa Mama Chiriku kooni hakikuwa gari. Alikuwa amemwona baba yake, mtu aliyezoea kutoka, akianza kujua idadi ya vigae vya dari ya chumba chake. Mtu wa namna hiyo ukimwondolea na gari, atabaki na dari.

*

Bahati ikaangukia mahali pake. Wiki iliyofuata wazazi wake walikwenda kukaa kwa shangazi, karibu na hospitali, mzee akafanyishwe mazoezi ya bega kila siku kwa siku kumi. Mama Chiriku akalivua gari turubai, akalipeleka gerejini.

Mwenye gereji alikuwa mzee mmoja mnene waliyemwita Mzee Grisi, mwenye kucha nyeusi na maneno mengi. Akampa kona ya nyuma, chini ya paa la mabati.

"Kazi za wateja kwanza," alimwambia. "Za baba yako ni za saa ya chakula."

"Sili, basi."

"Utakula. Fundi mwenye njaa hukaza nati kwa hasira."

Akaanza. Alilala chali juu ya kipande cha boksi, akafungua vyuma viwili vyembamba vilivyoshuka kutoka kwenye usukani hadi ubavuni mwa giaboksi. Kimoja kilikuwa cha gia namba moja na rivasi, cha pili cha namba mbili na tatu. Vilikuwa vimeshikana na kutu na grisi ya miaka, vikatoka kwa kulalamika. Kwenye gari moja bovu lililolala nyuma ya gereji alikuwa ameona gia ya chini inayoweza kuoana na giaboksi ile. Akaing'oa, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaitengenezea kishikio cha chuma. Kisha akapima sakafu, akapima tena, akachora mduara kwa chaki. Hapo ilibidi kiti kitoke ili grenda lipate nafasi.

Alikitoa na Mzee Grisi, mmoja huku, mmoja kule. Chini yake walikuta kitana, sarafu mbili za zamani, na kiatu kimoja cha mtoto.

Mama Chiriku alikishika kile kiatu. Kilikuwa chake. Akajiona: yuko dirishani, amepiga magoti, pua imebandikwa kwenye kioo. Kulia baba kwenye usukani. Katikati mama, magoti yamebanwa pamoja, mkoba juu ya magoti, hana kioo, hana mlango wa kuegemea, hana hata pa kuweka kiwiko. Safari zote, miaka yote. Na yeye kule dirishani anakula upepo kama bibi harusi.

Zamani hakuliona jambo hilo. Lakini tangu awe mama, alikuwa amejua yaliyomo katika umama. Alikuwa amejua kula ukoko na kusema ndio unaoupenda. Alikuwa amejua kulala kwenye ukingo wa kitanda, nusu ya mwili hewani, ili mtoto ajitandaze. Akajisemea moyoni: kumbe mama alinipa dirisha, akakaa pasipo na kitu. Machozi yakamlenga, akayafuta kwa kiwiko maana viganja vilikuwa na grisi.

"Mzee Grisi," akasema, "kiti hiki hakirudi."

"Kwa nini?"

"Naweka viti viwili, kila mtu na chake. Vile vyeusi vya gari lile lililopondwa nyuma. Katikati naweka kisanduku, gia itokee hapo juu yake, na pa kuweka vikombe. Mama yangu atakaa dirishani sasa. Zamu yake."

Mzee Grisi alijikuna shingo. "Umemuuliza mwenye gari?"

"Kaniruhusu."

"Kakuruhusu gia. Kiti je?"

"Kiti ni zawadi."

"Mh," akasema Mzee Grisi. "Zawadi isiyoulizwa ni kama kofia, hutegemea kichwa." Akaenda zake kumfokea mtu aliyekuwa akimimina oili vibaya.

Mama Chiriku hakumsikia, au alimsikia kwa sikio moja. Kazi ilikuwa tamu. Alikata tundu, akalainisha kingo zake kwa tupa. Akaunganisha vyuma vipya, akachomeka msumari kwenye matundu matatu ya shina la gia ili kila kitu kikae kwenye gia huru kabla ya kukaza, kama alivyofundishwa. Mumewe alishona ngozi ya kufunika shina la gia, yenye mikunjo kama shingo ya kobe, akavisha na kile kisanduku. Siku ya tisa alikaa kwenye kiti kipya, akakanyaga klachi, akavuta nyuma: moja. Akasukuma mbele: mbili. Akavuta: tatu. Zikaingia laini kama kisu kwenye siagi ya juani. Akalirudisha gari nyumbani kwa wazazi wake akiimba. Kile kiti kizima alikipakia juu ya paa, akakiweka uani juu ya matofali manne, kikiegemea ukuta. Alisema moyoni kuwa atakuja kukichukua.

*

Wazazi wakarudi. Baba akafunguliwa mlango wa dereva kama waziri. Akakaa. Mkono wa kushoto ukashuka wenyewe, ukatua juu ya gia, vidole vikaifunika kana kwamba walikuwa na miadi.

"Inafika," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mama, inafika."

Mama Chiriku alizunguka mbio upande wa pili, akamfungulia mama yake. "Na wewe, mama, karibu dirishani! Miaka yote umebanwa katikati kwa ajili yangu. Leo kaa kama malkia."

Mama yake akakaa. Akatazama kioo. Akatazama kisanduku. Akaweka mkoba wake juu ya kisanduku, mkoba ukateleza, ukaanguka chini. Akauokota, akauweka magotini.

"Kizuri," akasema. "Kipana."

"Unaegemea, umeona? Hicho cha kichwani unakipandisha hivi."

"Nimeona, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Washa, baba, tuzunguke!"

Mzee alishika funguo, akaziachia. "Kesho," akasema. "Leo safari imetuchosha."

Kesho ikawa bega limekaza. Keshokutwa mawingu. Siku iliyofuata tairi la nyuma halikumridhisha, naye Mama Chiriku akaja na pampu, akalijaza, mzee akasema jua limezidi. Kila alipopita baada ya kazi alikuta gari palepale, vumbi palepale, na baba yake ana sababu mpya. Siku zikapukutika. Zikabaki nne, zikabaki tatu.

"Mama, bega linamuuma?" alimuuliza mama yake jikoni.

"Halimuumi."

"Anaogopa?"

"Baba yako aogope gari?"

"Sasa nini? Mkono unafika, nimeona kwa macho yangu. Zimebaki siku tatu binamu aje!"

Mama yake akachambua mchele, akatupa jiwe dogo nje ya dirisha. "Akija, achukue. Kitu kizuri kikienda kwa ndugu hakijapotea."

Mama Chiriku aliondoka na donge. Alifika nyumbani kwake, akamwambia mumewe, "Wazee hawa watanitia wazimu." Mumewe, ambaye kwenye ugomvi wa wakwe alikuwa bubu wa hiari, akauma uzi kwa meno, akasema, "Chai ipo."

*

Siku iliyofuata alimaliza kazi mapema, akapitia kwa wazazi na Chiriku mkononi. Geti lilikuwa wazi. Aliingia kimya, si kwa kuvizia, ila Chiriku kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa na kitu mdomoni.

Wazazi wake walikuwa uani, wameketi kwenye kile kiti cha zamani juu ya matofali.

Baba alikuwa mwisho wa kulia, mahali pa dereva. Mama alikuwa katikati, bega lake limeingia chini ya ule mkono mbovu kama mhimili unavyoingia chini ya paa. Upande wa kushoto, palipokuwa na kivuli chote na nafasi ya kulaza mtu, hapakuwa na yeyote. Hawakuwa wakizungumza. Mama alikuwa akimenya chungwa. Alimpa mzee kipande bila kumtazama, naye akakipokea bila kutazama.

Mama Chiriku akasimama.

Chiriku akameza alichokuwa nacho. "Bibi! Mbona umembana babu? Nafasi si hii hapa?"

"Hapo si pangu," bibi yake akajibu. "Pangu ni hapa."

Ndipo wakamwona binti yao. Mama yake akataka kuinuka, kama mtu aliyekutwa akidokoa nyama.

"Kaa, mama," Mama Chiriku akasema. Akachutama mbele yao. "Mimi nilidhani ulikaa katikati kwa ajili yangu. Ili mimi nipate dirisha."

"Kwa ajili yako?" Mama yake akacheka hadi chungwa likamponyoka. "Wewe mtoto una makuu! Wewe ulikuja ukanikuta hapo."

"Lakini hapana nafasi. Hapana pa kuegemea."

"Hapana pa kuegemea?" Akamgeukia mumewe. "Umemsikia fundi?"

Mzee alikohoa. "Gari lilipokuja, mlango wa kushoto ulikuwa haushiki. Ukipiga kona unafunguka wenyewe. Nikamwambia mama yako, sogea huku usije ukaniangukia njiani. Akasogea."

"Halafu?"

"Halafu mlango nikautengeneza. Mwezi wa pili tu. Sikumwambia."

"Nilijua," mama akasema.

"Ulijuaje?"

"Mlango ulikuwa unalia ngwe-ngwe, ukaanza kulia tap. Mimi kiziwi?"

"Mbona hukurudi dirishani?"

"Wewe mbona hukuniambia?"

Wakatazamana, wazee wawili wazima, wakaona haya mbele ya binti yao. Mama Chiriku akaangalia pembeni kuwaachia nafasi.

Mzee ndiye aliyeendelea, macho yake yako kwenye gari. "Nimejaribu, mama. Usidhani sijajaribu. Juzi asubuhi tumekaa humo, nimewasha. Mkono umefika, gia imeingia. Nikatazama kushoto, namwona yuko mbali kule, ameshika mkoba, kama abiria niliyempakia njiani na sijui anashukia wapi. Nikazima."

"Na kwa nini hamkusema? Wiki nzima mnanipa mawingu na matairi!"

"Mtoto kalala mgongo chini siku tisa," mama yake akasema, "anakuja na macho yamemng'aa, utamwambia nini? Utamwambia toa?"

"Ndiyo! Unaniambia toa!"

"Basi toa," mama yake akasema.

*

Siku ilikuwa imebaki moja. Alfajiri Mama Chiriku alikuwa gerejini na gari, na kile kiti juu ya paa, na mama yake pembeni amevaa kitenge cha kutokea.

"Shikamoo Mzee Grisi."

"Marahaba. Kofia haikuingia?"

"Usiseme kitu."

"Sijasema kitu. Nimeuliza habari za kichwa."

Viti vyeusi vikatoka. Kisanduku, pamoja na ngozi nzuri ya mumewe, kikatoka. Kiti kizima kikarudi kwenye matundu yake ya zamani, na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu fimbo ya gia ilikuwa imenyooka kama askari, na ukingo wa kiti ulikuwa unakuja palepale iliposimama. Namba mbili, ambayo husukumwa mbele, iliingia. Moja na tatu, ambazo huvutwa nyuma, ziligonga kiti na kukataa.

"Ikunje," Mzee Grisi akasema. "Iende mbele kwanza, halafu irudi kwa dereva. Kama shingo ya bata."

Wakaipasha moto kwa gesi hadi ikawa nyekundu kama kaa la mkaa. Mama Chiriku akaibana kwenye meno ya jiliwa, akaikunja taratibu, akihesabu pumzi zake. Walipoirudisha, ilipita mbele ya kiti bila kugusa, ikapinda kumfuata dereva kwa adabu. Lakini ilikuwa imebaki shida moja, nayo ilikuwa ya nyama na mifupa.

"Mama, panda ukae."

Mama yake akapanda, akakaa katikati, akashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Magoti yake yalikuwa hasa pale gia ilipotaka kurudi.

Mama Chiriku alichora kwa chaki kwenye kitenge, goti hili na goti lile. Akapima. Akavuta midomo. "Haitoshi. Gia namba moja ikirudi inakukuta goti. Ikikukuta goti haiingii, na baba ana mkono mmoja na nusu, hawezi kushindana na goti lako."

"Goti litajua."

"Goti litajuaje, mama?"

"Moja inarudi huku," mama yake akasema, akasogeza goti la kulia. "Mbili inakwenda mbele, narudi mahali pangu. Gari likianza kunguruma kama limeshiba, anataka tatu, nasogea tena. Rivasi anasonya kwanza, ndipo anaitia. Si hivyo?"

Mama Chiriku akabaki na chaki mkononi. Mama yake hakuwahi kushika usukani maishani mwake.

"Umejifunza wapi haya?"

"Miaka yote hiyo nimekaa hapa, na dirisha unalo wewe. Ulitaka nitazame nini?"

Mzee Grisi akageuka upande mwingine akicheka, mabega yakitikisika. "Huyo ndiye fundi," akasema. "Wewe mwajiriwa."

*

Mwisho wa mwezi binamu alifika saa nne asubuhi, kwa miguu, shati limepigwa pasi, kashika kitambaa kipya cha kufutia kioo. Alikuwa kijana mwema. Hakujua lolote.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja kwa lile jambo letu."

"Marahaba. Subiri kidogo," mzee akasema.

Akazunguka gari, akapiga tairi teke moja moja. Akafungua mlango wa dereva, akamtanguliza mkewe, ambaye aliteleza kwenye kiti hadi katikati kama maji yanayojua mfereji wake. Mzee akakaa. Akafunga mlango. Uso wake ulikuwa wa kijivu kidogo, na kwapa la shati limeanza kulowa.

Mpango wa Mama Chiriku ulikuwa akae nao mbele, upande wa kushoto, Chiriku mapajani, ili bega likigoma awahi kuikamata gia yeye. Alikuwa amewaambia hivyo. "Ngoja nifungue geti," akasema, "nipande."

Akalisukuma geti. Nyuma yake injini ikakohoa, ikashika, ikatulia. Akasikia klachi, akasikia *klak* ya namba moja. Alipogeuka, pua ya gari ilikuwa inampita karibu na tumbo. Baba yake alitazama mbele tu. Mama yake aliinua vidole viwili kutoka kwenye mkoba, kama mtu anayeaga gari la wageni.

"Baba! Nisubiri!"

Likapita. Likaingia barabarani, likakata kulia, likaanza kwenda.

Mama Chiriku alisimama na geti mkononi, Chiriku amemshika sketi, binamu nyuma yao na kitambaa chake. Gari likaenda kwenye namba moja. Likaendelea kwenda kwenye namba moja. Injini ikaanza kupandisha sauti, ikalia, ikalia zaidi. Alilijua hilo. Namba mbili ni ya kusukuma mbele, na bega lilikuwa linachukia kusukuma tangu siku ya ngazi. Akafumba macho.

"Weka mbili, baba," akasema kwa sauti ya chini. "Isukume tu. Weka mbili."

Injini ikalia hadi majirani wawili wakatokeza vichwa.

Halafu ikanyamaza. Kimya kikawa kirefu, urefu wa klachi iliyokanyagwa na mtu ambaye hajui kama mkono utamfuata. Kisha *klak*, na sauti ikashuka, nzito, tulivu, namba mbili kabisa, ikaenda nayo hadi kwenye kona. Wakapotea nyuma ya ukuta wa shule. Kutoka huko, kwa mbali, akaisikia tatu.

Aliketi chini palepale kwenye kizingiti cha geti, akamkumbatia Chiriku kwa nguvu hadi mtoto akalalamika.

"Wanarudi saa ngapi?" binamu akauliza.

"Wanazunguka tu mtaa."

Hawakuzunguka mtaa. Zilipita dakika kumi, zikapita ishirini. Binamu alikuwa amekikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Dakika ya arobaini gari likatokea upande mwingine kabisa, polepole, likasimama mbele ya geti bila hata kutikisika. Mzee alikuwa amelowa jasho, mkono wa kushoto bado uko juu ya gia, na macho yake yalikuwa ya mtu mwenye miaka thelathini.

"Mlikuwa wapi?" Mama Chiriku akafoka, sauti imejaa machozi. "Nimekufa mara mbili hapa!"

"Kwa shangazi yako. Kumsalimia."

"Kwa shangazi! Siku ya kwanza!"

"Hakuwepo," mama yake akasema, "tukarudi."

Mzee akaikunja na kuikunjua mikono yake. "Namba mbili ngumu kidogo, mama."

"Nitailegeza kesho."

"Usiilegeze sana," mama yake akasema, akijifutia goti kwa kiganja. "Tumeshaizoea. Yeye anaipeleka nusu, mimi naimalizia kwa goti."

Binamu, ambaye alikuwa ameshaelewa mambo yanavyokwenda lakini bado alikuwa na tumaini dogo, akakohoa.

"Mjomba, samahani. Si ulisema ukiweza kuliendesha wewe, kwa mkono wako?"

"Nilisema."

"Sasa goti…"

"Goti la nani?" mzee akauliza. "La jirani?"

Binamu akaangua kicheko, na kicheko chake kikawa cha mtu aliyekubali. Mzee hakucheka. Alimtazama mkewe kidogo, kisha akalitazama lile goti, lenye doa la chaki lililokuwa halijatoka, akatikisa kichwa kama mtu aliyefanya hesabu yake na kuridhika nayo.

"Panda nyuma, mpwa wangu," akasema. "Umekuja kwa miguu, tukurudishe kwenu. Na wewe mama, mpandishe huyo mtoto, safari hii hatukuachi."

"Nimeshaachwa mara moja," Mama Chiriku akasema, akifuta uso. "Nani atafunga geti?"

"Liache wazi," mama yake akasema, na akasogeza goti, maana alishaona mkono wa mzee unaanza kuitafuta namba moja.